Matembezi ya Peku na Mkwe

Jumatatu, 14 Oktoba

Na ijulikane kwa wote, ingawa hapa hasomi mtu ila mimi: leo asubuhi unyayo wa kushoto wa Tak Byeongho, mstaafu wa Cheongju, umegusa udongo mtupu kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Wa kulia ulifuata shingo upande.

Mwanangu Narae anaolewa na Taegyu. Jumamosi familia zetu mbili zinakutana rasmi. Watu wenye akili hukutana hotelini, wakala kidogo, wakasifiana, wakaachana salama. Lakini jana alinipigia simu Bwana Pyo, baba yake Taegyu. Akasema hotelini watu hufichana. Yeye hutembea peku kila alfajiri kwenye njia ya udongo mwekundu. Usingizi umerudi, mgongo umepona. Akauliza kama tungeweza kukutana kwenye kilima cha Maebong, tupande pamoja, tunawe miguu, ndipo tule.

Nikamwambia, mkwe, umenigusa! Mimi nina miaka mitatu natembea peku.

Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Mdomo ulitangulia.

Akafurahi mno. Akasema sasa moyo wake umetulia kuhusu ndoa hii. Narae aliposikia akashika kichwa. Anasema hakuna kitu mzee yule anachokichukia kama uongo. Uchumba wa kaka yake Taegyu ulivunjika kwa sababu baba wa binti alijidai ana shahada. Akaniambia, baba, tafadhali. Tafadhali nini, hakumalizia.

Jumanne, 15 Oktoba

Mazoezi Maebong. Udongo mzuri, laini, wa baridi. Tatizo ni Oktoba. Mialoni inamwaga mbegu ngumu njia nzima, na kila mbegu inanitafuta mimi. Nimeruka. Nimekumbatia mti nisioujua. Bibi mmoja wa kofia pana akanipita peku, mikono mgongoni, kama anatembea sebuleni kwake. Akarudi kunitazama. Akauliza, mjomba, hiyo ni ngoma ya wapi? Nikasema ni mtindo mpya. Akaujaribu kidogo. Akasema hauna ladha.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango! Ngozi hukomazwa. Nimeloweka miguu kwenye siki na chumvi tangu chakula cha mchana. Mama Narae akapita na nguo zake za kuanika. Akauliza, Baba Narae, unajikausha kama samaki? Nikamweleza kwamba nakomaza. Akasema ni kweli, kuna kitu kinahitaji kukomaa, lakini hakiko miguuni. Sijaelewa ni kipi.

Matokeo: nyayo laini kuliko jana. Zinanukia achari.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mungu hamtupi mtu! Nimeona sokoni viatu vya vidole. Kila kidole na chumba chake, kama glavu ya mguu. Soli nyembamba lakini ngumu. Na rangi? Rangi ya ngozi! Ukivipaka udongo mwekundu, nani atajua? Muuzaji akasema watu huvipenda kwa sababu ni kama kutembea peku. Nikamwambia sitaki viwe kama peku. Nataka vionekane kama peku. Akaniuliza kama ninahitaji risiti.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kuvivaa ni kazi ya mchana mzima. Kidole kidogo cha kulia hakitaki kukaa peke yake. Kinaingia kwa jirani. Nikikitoa, jirani naye anatoka. Mwishowe wawili wamebaki chumba kimoja na chumba cha pembeni ni kitupu. Nimekijaza pamba.

Nimembembeleza Mama Narae akae kimya kesho. Akasema yeye hana la kusema, ameishiwa maneno tangu Jumatano.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ushindi! Wakwe wamekuja, tumetembea. Mkwe ameitazama miguu yangu muda mrefu. Mama Taegyu amepiga ukelele wa mshangao. Narae ametoa machozi, nadhani ya furaha. Ndoa ipo palepale. Nimechoka, nalala.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimesoma niliyoandika jana. Hakuna uongo hata mmoja, lakini pia hakuna ukweli. Mambo yalivyokuwa ni hivi.

Niliwatangulia ili niwahi kuvipaka viatu udongo. Walipofika, miguu yangu ilikuwa myekundu hadi vifundoni. Nikapanda kilima kama mbuzi. Mbegu zilipasuka chini yangu nami nacheka. Mkwe alikuwa nyuma, jasho linamtoka, akisema, mkwe, hiyo si miguu, ni chuma! Nikamwambia ni mazoezi tu. Mama Taegyu alibaki nyuma zaidi. Alikuwa akichechemea, akimshikilia Mama Narae.

Tukashuka hadi kwenye mabomba ya kunawia miguu. Hapa sikuwa nimepafikiria kabisa. Nikasema kwetu hatunawi, udongo ukikaukia mwilini unasafisha damu. Mkwe akashangaa kwamba hakuwahi kulisikia hilo, akafunga bomba lake. Tungepona! Lakini Taegyu, kijana mwenye adabu kupita kiasi, akapiga magoti mbele yangu. Akasema, baba, niruhusu nikuoshe.

Nilikataa. Akadhani ni unyenyekevu. Akasugua. Udongo ukatoka. Akasugua tena, akavuta kisigino, na kisigino kikavutika. Kikarefuka. Hapo ndipo Mama Taegyu alipopiga ukelele. Kiatu kikachomoka, pamba ikaangukia mkononi mwa mkwe. Mguu wangu ukabaki hadharani, mweupe kama tofu.

Narae akauliza polepole, baba, kwa nini? Macho yake yalikuwa yamejaa.

Nikasema sina miaka mitatu. Nina Jumatatu. Niliogopa mkwe asije akaona baba yake Narae ni mtu asiye na lolote. Maisha yangu yote nimetengeneza majiko ya umeme ya kupikia wali. Hilo halisimuliki kwa simu.

Mkwe alikuwa bado ameshika pamba.

Kumbe Mama Taegyu ameshaokota kile kiatu. Akakivaa, akaenda kukanyaga mbegu za mwaloni kwa makusudi, moja baada ya nyingine, akarudi. Akamgeukia mumewe: Wewe! Mwaka mzima unanitembeza nikilia juu ya hizi mbegu, kumbe dawa iko sokoni? Mama Narae akacheka mpaka akakaa chini. Narae naye akacheka, machozi yakiendelea. Kwa nini walinicheka huku wakiwa upande wangu, bado natafakari.

Mkwe hakucheka. Akaniuliza kama kuna uongo mwingine. Nikasema hakuna. Akasema yule baba wa shahada ya uongo alibisha hadi mwisho, lakini mimi nimekiri mbele ya mwanangu. Ndoa iendelee. Akanipa pamba yangu.

Basi tukaenda kula. Chapati za vitunguu, pombe ya mchele, mambo yametulia. Mkwe akamkumbuka marehemu baba yake, jinsi alivyopenda zeze la nyuzi kumi na mbili. Akasema siku hizi hakuna tena wa kulipiga. Nikasikia mtu akisema yeye hulipiga tangu ujana, na atalipiga siku ya harusi. Wote wakanigeukia. Mama Narae akaweka vijiti vyake vya kulia mezani.

Harusi ni Machi. Asubuhi yote nimetazama picha ya zeze hilo. Sijajua bado kama hulazwa au husimamishwa.