Viza ya Mtu Hatari

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka arobaini na mmoja na siku kumi na mbili tangu niondoke kwetu. Nahesabu mwenyewe, hakuna mwingine anayehesabu.

Dada kapiga simu. Ana miaka themanini na tatu. Daktari kamwambia macho yake hayatafika mwisho wa mwaka. Baada ya hapo ataona vivuli tu. Anataka auone uso wangu kungali na mwanga. Kasema njoo nikuone, mdogo wangu, usingoje mpaka niwe wa kukupapasa. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sabuni.

Nikakubali. Kwa heshima zote, kama mfalme anayepokea ombi.

Tatizo: nina pasipoti ya huku. Nchi iliyonizaa inataka niiombe viza! Tatizo la pili, kubwa zaidi: mimi ni mtu anayetafutwa. Mwaka ule niliandika makala katika gazeti la walimu, nikamuuliza Waziri madawati ya shule yamekwenda wapi. Wiki iliyofuata nikavuka mpaka. Hakuna aliyenifukuza, ni kweli. Sikuwapa nafasi.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma aina zote za viza, hata yale maandishi madogo ya chini. Utalii: mimi? Nitembezwe na kijana mwenye kipaza sauti, nionyeshwe kilima nilichochungia mbuzi? Haiwezekani. Kutembelea ndugu: lazima uandike anwani ya mwenyeji. Yaani niwaelekeze wapelelezi mpaka mlangoni kwa Dada! Masomo: nimeshasoma. Kazi: nimeshafanya. Zimebaki biashara na kupita njia. Mwenye akili hakosi mlango.

Fundi viatu wa hapa chini, mtu wa kwetu pia, kaenda mara mbili kwa viza ya utalii. Kila mara kangoja siku tatu tu, kapata. Karudi kanenepa. Nikamwambia yeye ni dagaa, nyavu hazimwoni. Akauliza huku akipaka soli gundi: na wewe, Mwalimu, ni papa? Nikapanda zangu ngazi. Papa hajibizani na dagaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanzisha kampuni. Ya chaki. Ilizaliwa saa tatu asubuhi kwenye kibanda cha mchapaji, ikafa saa tano dirishani ubalozini. Binti wa dirishani aliniamkia vizuri, kisha akataka leseni. Nikasema kampuni bado iko kwenye fikra. Akasema basi na viza yake iko huko huko. Hana adabu. Ila sentensi ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 10 Machi

Kupita njia. Saa sabini na mbili. Ndiyo hasa inayomfaa mtu kama mimi: unaingia, unamwona dada, unatoka kabla hawajavaa viatu. Nikabuni safari ya kwenda visiwa fulani nisikomjua mtu. Binti akafungua ramani, akanionyesha kuwa visiwa hivyo viko upande wa pili kabisa wa dunia. Kwa nini nipitie kule? Nikasema napenda safari ndefu. Akainamia tundu la kioo: "Babu, hebu sema kweli. Unaficha nini?"

Nikatazama nyuma. Nikamnong'oneza: natafutwa.

Macho yakamtoka! Miaka arobaini na mmoja nimesubiri macho kama yale. Akasema upo utaratibu: naweza kuomba jina langu likaguliwe kwenye orodha zote, mpya na za zamani. Nikaomba. Nikaambatanisha na ile makala, wasije wakanidhania mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nimenyoa. Picha za mahabusu hudumu.

Nimeandika utetezi wangu wa mahakamani, kurasa kumi na moja, nikamsomea Mama Watoto. Kwenye ukurasa wa nne akauliza, nikifungwa, nani atapandisha mtungi wa gesi ghorofani. Sijui kama wake wa mashujaa wote walikuwa hivi. Historia haisemi.

Fundi viatu nilipomweleza, nyundo yake ilisimama hewani. Akaniita Mzee. Hajawahi!

Dada kapiga. Nikamweleza hatari iliyopo. Akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto! Waziri yule kafa zamani. Na madawati hayajafika mpaka leo." Kisha akasema jicho la kushoto limeshaanza kumtupa. Nikamsihi avumilie, mambo ya dola hayana haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yametoka.

Simo. Orodha mpya, simo. Za zamani, simo. Makala yangu imeonekana kwenye makavazi, katika faili la samani. Juu yake mtu kaandika kwa wino wa kijani: "Imesomwa. Haihitaji hatua."

Binti alisimama kunipongeza. Viza ya kutembelea ndugu, siku tisini, bila ada kwa kuwa nilizaliwa kule. Imeshabandikwa kwenye pasipoti. Nikamwomba waangalie tena. Akasema wameangalia mara mbili. Nikamwomba waangalie mara ya tatu. Watu wa foleni wakaanza kuguna.

Samani!

Jumatano, 19 Machi

Fundi viatu hakucheka. Afadhali angecheka. Alichukua viatu vyangu, akavitia soli mpya, akakataa malipo. "Nenda kamwone dada yako, Mwalimu. Hayo mengine ni upepo." Mama Watoto kapanga sanduku, ndege ni Jumamosi. Dada kasogeza kiti changu karibu na dirisha, penye mwanga wa asubuhi.

Kwa saa nzima nilikuwa mtu wa kwenda. Nakiri. Nilijiona nimekaa kwenye kiti kile, naye kanishika kidevu.

Kisha nikafikiria uwanja wa ndege. Ofisa atagonga muhuri bila kuinua kichwa. Karibu mzee, pita. Mimi!

Ijumaa, 21 Machi

Ushindi!

Jana nilituma makala mpya kwa magazeti matatu ya kule, nakala wizarani, nakala ubalozini. Jina kamili, picha, anwani. Waziri wa sasa nimemwita mambo ambayo hata mama yake hatamsamehe aliyeyasema. Hii hawataiweka kwenye samani. Leo asubuhi nikaenda kurudisha viza. Binti akasema haijawahi kutokea. Ikabidi aingie ndani kuuliza inarudishwaje. Nikamshauri wanifungulie faili mapema. Akanitazama sana. "Na dada yako je, babu?" Nikamwambia dada wa mtu hatari huelewa.

Mama Watoto anatoa nguo sandukuni moja moja. Nadhani ni fahari.

Jioni nilimpigia Dada, nikamsomea makala yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Bila shaka ilimgusa. Kisha akauliza kama masikio yangu yamekuwa ya baba, na kama mvi zimeanzia mbele au pembeni. Nikamwambia hayo hayamo katika makala.

Kule sasa si salama tena kwangu. Sitarudi.