Digri Mbili Zimekwenda Wapi

Jumatatu, 11 Juni 1979
Hakuna wingu hata moja. Kazi imeanza! Mwalimu wetu wa fizikia, Citoyen Bisimwa (siku hizi hatusemi Bwana), atampeleka mwanafunzi mmoja tu kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro wakati wa likizo. Kule, wanasema, kuna chumba kizima cha vitabu, na hakuna anayekulazimisha kuongea. Lazima niwe mimi. Tumebaki wawili: mimi na Nsimire. Kila mmoja ana mkebe mweusi wenye maji na kipimajoto. Saa sita mchana tunauweka juani kwa dakika kumi. Kwa hesabu ya mwalimu, mbingu ikiwa safi, maji yatapanda digri tisa. Yangu yamepanda saba. Digri mbili zimekwenda wapi?

Jumanne, 12 Juni
Nimeupaka mkebe masizi zaidi. Sita na nusu! Wingu hakuna. Nilitazama jua kwa macho matupu, halikuniumiza. Hilo ndilo lililonitisha. Kivuli changu kilikuwa hafifu, kama cha mtu aliyekwisha kuondoka.

Jumatano, 13 Juni
Sita. Nimejificha nyuma ya ua wa kina Nsimire hapa mtaani Kasha, nijue siri yake. Anapima, anapanda juu ya jiwe, anatazama ziwa, anaandika. Anatafuta nini huko ziwani? Nikatazama pia. Kisiwa cha Idjwi hakipo! Ziwa limeishia katikati, kama ukurasa uliochanwa. Akaniona. Akauliza kama nimepoteza mbuzi. Nikasema ndiyo. Ni neno langu la kwanza kwake tangu darasa la tatu. Sasa wadogo zake wanamtafuta mbuzi wangu. Siwaoni. Nasikia sauti zao tu huko chini, zikimwita mnyama asiyekuwapo.

Alhamisi, 14 Juni
Tano. Kuku waliingia kulala saa nane mchana. Vipande vyeusi, vyepesi, vinaanguka juu ya daftari hili bila sauti. Nikivigusa vinakuwa vumbi. Maman analalamikia nguo zake kwenye kamba. Jua linaumwa, nimeamua kulisaidia. Nikaweka mkebe juu ya pasi ya makaa. Tisa kamili! Maman akanikuta uani. Akasema, weye mutoto, hata jua unaipiga pasi? Nikamwambia ni sayansi. Akachukua pasi yake akaenda zake, akimtaja Bikira Maria.

Jumamosi, 16 Juni
Jana tisa. Leo tisa. Nimejifunza kuiba pasi ikiwa bado ya moto. Mbuzi bado anaitwa.

Jumatatu, 18 Juni
Msiba! Citoyen Bisimwa alisoma tisa zangu mbele ya darasa. Akaniambia nitazame dirishani, niseme naona nini ng'ambo ya ziwa. Nikasema hakuna kitu. Akasema ndiyo hiyo: ni kiangazi, watu wanachoma mashamba, moshi umejaa hewani. Wingu hakuna, lakini mbingu si safi. Hesabu yake ni ya mbingu safi. Digri zinazokosekana ndizo alizokuwa anazitafuta. Nsimire aliandika kila siku kama Idjwi inaonekana. Kadiri kisiwa kilivyopotea, ndivyo digri zake zilivyopungua. Mwalimu akauliza mimi nilipima chini ya mbingu ya nchi gani. Darasa zima likacheka. Nsimire hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yeye ndiye anakwenda Lwiro. Nami nimepewa nafasi moja: nikipima kwa haki kila siku, Julai na Agosti, mwalimu ataniombea nafasi Lwiro likizo ijayo.

Jumanne, 19 Juni
Nimeelewa kosa langu. Kosa lilikuwa tisa! Shule imefungwa; nimekaa mezani tangu asubuhi nikiandika. Tarehe 1 Julai: sita, moshi. Tarehe 2: tano na nusu, moshi. Tarehe 3: tano, moshi mzito. Julai yote imekwisha kabla ya chakula. Wadogo wa Nsimire wameniletea mbuzi. Sijui wa nani. Nimewashukuru, nimemfunga nyuma ya nyumba, ananitazama.

Sasa hivi upepo umegeuka. Idjwi imerudi, karibu mno, naona hata migomba yake. Kivuli changu nacho kimerudi ukutani, cheusi ti, kimeinama juu ya daftari kama kinachosoma.

Nimefunga dirisha. Bado Agosti.