Tulikutana Maktaba

Jumatatu, 6 Machi

Barua ya ubalozi imefika. Mahojiano Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nimeisoma mara nne, mara ya tano nikampa dada anisomee. Miezi minane mke wangu yuko kwao, kazini hospitali. Mimi huku nashona makochi. Nikinyimwa viza ya kumfuata, siruhusiwi kuomba tena mpaka mwaka uishe. Na mke wangu ameshasema mwaka mwingine wa kuolewa na simu hauwezi. Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo niliogopa.

Swali la kwanza limeandikwa kwenye barua: mlikutana vipi? Balaa!

Ukweli nauandika hapa tu. Enzi zile mke wangu anafanya kazi huku, nilishona kochi la mama mwenye nyumba wake, nikasahau msumari mmoja. Ukamchana mke wangu sketi. Akaja karakana anawaka moto, gazeti kaziba nyuma. Nilipomwona tu, nikaingia chini ya kochi la watu watatu. Akauliza fundi yuko wapi. Bosi akanyoosha kidole. Akainama, akainua kitambaa, akasema, "Kaka, toka humo." Nikatoka.

Nani atampa viza mtu wa chini ya kochi?

Dada anasema niseme hivyo hivyo, njia ya mwongo fupi. Mke wangu kwenye simu naye kasema ukweli tu, mume wangu. Wamepanga hawa.

Jumanne, 7 Machi

Nimeenda kwa kinyozi jirani. Yeye kanyimwa viza mara tatu, lakini anavyoshauri utadhani balozi. Dada anamwita mganga asiyejiganga.

Kinyozi kasema wale watu wa ubalozi wanataka mapenzi ya kisomi. Nikaseme tulikutana maktaba. Mikono yetu ilifika pamoja kwenye kitabu kimoja. Nikapata baridi mwilini, jinsi ilivyo nzuri.

Nikauliza, je, wakimpigia shemeji yako? Akacheka mpaka mashine ikapanda juu ya sikio la mteja. Kasema tangu lini ofisi ikamaliza vocha yake kupiga simu nje? Mteja, huku kashika sikio, akasema kweli kabisa. Watu wazima wawili. Nimekubali.

Mke wangu simwambii. Ataharibu.

Jumatano, 8 Machi

Tatizo moja: maktaba sijawahi kuingia. Niliishia darasa la nne. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaenda kuikagua.

Mlangoni mama wa maktaba akaniuliza natafuta kitabu gani. Macho yakaangukia kiti chake, sponji imetoka nje kama ulimi wa ng'ombe. Nikasema nimekuja kwa ajili ya kiti. Akashukuru sana! Kumbe waliomba fundi tangu mwaka juzi. Nikashindwa kumwambia siye mimi. Nimeshona viti sita. Saa tatu nzima! Nikaondoka na jina la kitabu kimoja tu, kilichokuwa karibu na mkasi wangu: Ufugaji wa Nyuki.

Kinyozi kasema nyuki ni sawa, nyuki wana asali. Dada kasikia mpango wote, kaweka sufuria chini, kaniangalia. Nachukia akifanya hivyo.

Alhamisi, 9 Machi

Siku ya aibu. Naandika huku sikio bado linawaka.

Afisa ni mama mmoja wa miwani. Nikamwangalia vifungo vya shati, siyo usoni. Nikamwaga maktaba yote, mikono, kitabu, nyuki. Nilisema vizuri kabisa, kwa pumzi moja. Akauliza kile kitabu kilinifundisha nini. Nikasema kwamba nyuki wanauma. Akauliza na kingine? Nikasema wakiwa wengi, wanauma zaidi.

Akasema nikae nje. Kwenye kioo namwona anainua simu. Anapiga nje! Kinyozi mshenzi! Mara namwona kashika tumbo. Kavua miwani. Anafuta macho. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu.

Nikaitwa. Kumbe mke wangu bado yuko hewani, afisa kaweka spika. Afisa akanieleza kwamba alipomuuliza mlikutana vipi, mke wangu kabla ya kujibu akamuuliza yeye, "Mama, kwanza niambie, amekwambia wapi?" Akaambiwa maktaba. Mke wangu akasema basi ndiye huyo huyo, huyo ni mume wangu. Baba yake nilimwambia tulikutana kwenye ibada. Mjomba wake nilimwambia hotelini. Mchungaji nilimwambia kwenye msiba. Kisha akaeleza kochi, msumari, gazeti, yote! Mbele ya serikali!

Nikatamani kochi.

Afisa akanisema. Kijana, kudanganya hapa ni kosa, ningeweza kufunga faili lako sasa hivi. Lakini waliooana kwa ajili ya makaratasi huja na hadithi moja, wameikariri kama wimbo. Ninyi hamjapanga hata neno. Na yule mwanamke anakujua mpaka uongo wako ambao hajausikia bado.

Akanipa karatasi na kalamu. Niandike ukweli, kwa mkono wangu. Mistari minane, saa nzima na jasho. Halafu akasema nisome kwa sauti. Dirisha wazi, foleni yote nje. Nilipofika "nikaingia chini ya kochi", mzee mmoja wa foleni akauliza la watu wangapi.

Simu haijakatwa bado, mke wangu kamjibu. Watatu.

Jumatatu, 13 Machi

Viza imetoka! Imebandikwa kwenye pasi ya kusafiria, na picha yangu inayoangalia pembeni. Mke wangu kalia kwenye simu. Mimi nilikohoa tu, lakini kwa muda mrefu.

Dada akaniuliza, haya mdogo wangu, umejifunza nini? Nikamwambia nimejifunza sana. Ningesema ukweli tangu mwanzo, afisa asingepiga simu. Asingepiga simu, asingemsikia mke wangu. Kwa hiyo viza imeletwa na maktaba. Dada akaenda kulala mchana, yeye ambaye halali mchana.

Jioni baba mkwe kapiga kunipongeza. Akaniuliza kama najua kuendesha gari. Nikakumbuka jinsi anavyoniona, mshona makochi. Nikasema baba, mwaka wa sita huu. Akafurahi mpaka akapiga makofi. Kasema macho yake yameanza kugoma, basi atanipokea uwanja wa ndege na gari lake, usukani nitashika mimi. Saa nne tu, za milimani. Kasema na mama mkwe atakaa nyuma, anaogopa kona.

Nasafiri Jumamosi. Sijawahi kuendesha hata baiskeli.

Lakini nimeshaongea na kinyozi. Anasema gari halina maajabu. Kiti chake cha kunyolea kinazunguka kulia na kushoto, na pembeni kina mkono wa kupandisha, kama gia kabisa. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya wateja, naanza mafunzo.