Micah na Kliniki ya Siku Moja

Micah Mbugua alikuwa hotelini Nakuru, anakunywa chai taratibu kama mtu anayengoja mwingine aje alipe, aliposikia mama wa meza ya pili akiongea kwa simu. Mama huyo aliitwa Wamaitha, afisa wa shirika moja la hisani.

"Kliniki ya watoto tutasaidia," alikuwa anasema, "lakini pale tu wananchi wameshaanza wenyewe. Ndiyo, bajeti ni milioni mbili."

Aliendelea kueleza jinsi msaada unavyotolewa, hatua kwa hatua, lakini masikio ya Micah yalikuwa na tabia yake: yakishasikia milioni, yanafunga duka.

Micah akanyoosha tai. "Samahani dada. Mungu ni mkubwa. Mimi nina kliniki."

"Wapi?"

Micah akatazama dirishani. Lori la viazi kutoka Keringet lilikuwa linapita, matope mekundu mpaka kwenye taa.

"Keringet," akasema. "Tangu mwaka juzi. Kila Alhamisi akina mama wanakuja, dada, mpaka nalia."

"Basi nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo."

"Karibu sana," akasema Micah, na chai ikalipwa na Wamaitha.

Kesho yake alikuwa Keringet, na viatu vyake vya kuchongoka vilikuwa vimezama. Aliulizia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akaelekezwa kwa Chelagat, ambaye watu wote humwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa ameketi kwenye stoo yake akichambua viazi: vya mbegu kulia, vya kuuza kushoto, na katikati vilivyokatwa na jembe, vya supu.

Kogo alikuwa na shida yake, na kila mama pale alikuwa nayo. Mahali pa kupima watoto na kuwachanja palikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, ng'ambo ya mto. Mvua ikinyesha, mto haupitiki. Mwezi wa nne, mjukuu wake alifikishwa pale mtoni akiwa na homa kali, wakarudi naye hivyo hivyo. Alipona kwa neema tu. Tangu siku hiyo Kogo akisikia ngurumo halali.

"Mathe," Micah akasema, "mimi nataka msaada mdogo. Ni sinema tu, siku moja. Mnakaa kwenye benchi na watoto, mgeni anapiga picha, kila mama anaenda na unga pakiti mbili na sukari kilo."

Kogo akachukua kiazi, akakigeuza, akakiweka kulia. "Na nani atawapima?"

"Hakuna kupima, mathe. Ni kukaa tu."

"Kijana. Mama ameamka, ameogesha mtoto, amempaka mafuta, amemvalisha sweta na kofia na soksi mpya. Amemleta kliniki. Halafu asipimwe? Atafunga mtoto mgongoni aende, na wengine wote watamfuata."

Hapo Micah alikuwa hajui jambo. Siku ya kupima, kwa akina mama, ni siku ya kutangaza. Kilo zinasomwa kwa sauti na jirani anasikia.

"Basi si mizani ile pale?" Akaonyesha mizani ya viazi iliyoning'inia kwenye boriti.

"Mtoto si gunia."

Micah akanunua mizani ya watoto, na vile visuruali vya kuwaning'iniza. Alipoileta, Kogo aliisifu sana. Kisha akasema, "Na nani ataandika kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto? Mama hata hajaulizwa anakitoa. Mgeni wako akikifungua akute tarehe ya leo haipo, si utaaibika?"

"Ataandika nani?"

"Chepchumba. Amesomea uuguzi, ana cheti, mwaka wa tatu anauza mayai kwa kukosa kazi."

Chepchumba akaja, msichana mwenye kucha fupi na maneno mafupi zaidi. Akatazama stoo. "Mimi sishiki mtoto bila kunawa. Maji iko wapi?"

Micah akanunua tangi. Paa lilipovuja akanunua mabati. Ukuta ulipoonekana bado ni wa stoo ya viazi akanunua rangi. Televisheni yake kubwa iliuzwa, halafu gari lake la Probox, nalo lilikwenda likitazamwa kwa machozi. Lakini kila usiku alijipoza: unapanda debe, unavuna lori.

Alhamisi ikafika, na Wamaitha akafika nayo. Akina mama walikuwa wamejaa mpaka nje.

"Kilo tisa!" Chepchumba akasoma.

"Tisa na miezi mitano? Huyu ananyonya ama anakula ugali?"

"Wivu wako upime nao, mama Kibet!"

Mtoto mmoja aliyening'inia alimkojolea Micah kwenye suti, watu wakasema ni baraka. Halafu kilo za mmoja hazikusomwa kwa sauti. Chepchumba alikuwa ameshika kijitabu cha pacha mmoja, msichana, na kilo zake zilikuwa zimeshuka. Akamwita mama yake pembeni, akamweleza chakula, akaandika. "Alhamisi ijayo mrudi. Usikose."

Wamaitha aliona yote. Akafuta macho, akasimama kwenye kreti kuhutubia. Micah akafunga kifungo cha koti, tayari kupokea.

"Shirika limekubali! Kama mnavyojua, sisi hatutoi pesa mkononi. Tutaleta friji ya chanjo, dawa, na mshahara wa muuguzi kwa miaka mitatu. Mkataba ni na kikundi cha Kogo."

Vigelegele. Micah akainua kidole. "Na sisi... waanzilishi?"

"Ndugu yangu," Wamaitha akamshika mkono kwa mikono miwili, "umenifundisha maana ya kujitoa."

Akina mama wakamwimbia Micah beti tatu. Alicheka kwa meno tu.

Mgeni alipoondoka, akamfuata Kogo. "Ulijua?"

"Na viatu vile, kwenye matope haya? Siku ya kwanza." Kogo akampa kikombe cha chai. "Lakini mvua ikinyesha huulizi wingu ni la nani, mwanangu. Unatega ndoo."

Sasa, mtu mwingine angekunywa chai akubali. Micah alirudi Alhamisi iliyofuata na spana mkononi na lori la kukodi, aje achukue tangi lake na mizani yake, auze, apate angalau nauli ya kuanza maisha. Dereva aliitwa Kipyegon.

"Hapa kuna nini, boss?" Kipyegon aliuliza alipoona foleni.

"Usijali. Tunabeba vitu vyangu tunaenda."

Chepchumba akatoa kichwa mlangoni. "Kipyegon! Mtoto wako ana miezi tisa sasa. Amechanjwa surua?"

"Aah, sista, ile mto..."

"Friji imefika jana. Chanjo tumeletewa leo asubuhi."

Kipyegon akawasha lori.

"We! Unaenda wapi?" Micah akapiga kelele. "Nimekulipa!"

"Narudi saa hii, boss!"

Alirudi baada ya saa nzima. Alikuwa na mke wake na mtoto, na akina mama kumi na mmoja aliowaokota njiani, kila mmoja na wake mgongoni au kifuani. Lori lilikuwa la juu, na chini matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Akina mama wakatazama huku na huku wakitafuta mikono.

"Wewe wa suti!" mmoja akaita. "Shika huyu nishuke."

Kabla hajajibu alikuwa amemshika, spana ikiwa kwapani. Mtoto mzito, wa sweta ya njano, akamtazama Micah, akamvuta tai. Micah akatafuta pa kumweka. Kulia ni matope. Kushoto ni matope.

Juu yake mama wa pili alikuwa ameshainama na wake.

Spana ikaanguka, ikazama.