Wachungaji Kumi na Wawili wa Kujaribu Programu Yangu

Jumatano, 15 Aprili 2026

Nimepakia programu yangu, Stoki Safi, kwenye soko la mtandaoni. Ni ya wenye maduka: inaonyesha bidhaa gani imebaki na gani inaelekea kuisha. Soko lina sharti. Kabla umma haujaiona, watu kumi na wawili waitumie siku kumi na nne mfululizo. Mshindani wangu, Sheikhdon wa Kakuma, naye ana programu yake, na ameshawanasa wenye maduka wote waijaribu, wa kwao na wa hapa Lodwar. Mroho yule. Sikubabaika. Nimechukua jamaa zangu kumi na wawili, wachungaji wa mbuzi, mkubwa wao mjomba Nangiro. Duka hawana, simu wanazo. Kisha nikampa Mama Deeqa, tajiri wangu wa duka la vifaa vya ujenzi, barua ya kuacha kazi mwisho wa mwezi. Miaka sita ya kupima misumari inatosha. Akaitia kwenye droo.

Jumatatu, 20 Aprili

Siku ya sita. Mjomba amepiga simu, amekasirika. Programu imemtaka aandike mbuzi wake wataharibika lini. Akauliza ni nani huyo anayewaombea mbuzi wake kifo. Nikamwambia aruke hapo. Kingine: kila mmoja wao ameandika ana mbuzi mmoja. Mjomba, ambaye mbuzi wake wakivuka barabara mabasi husubiri, mbuzi mmoja! Anasema mtu mwenye akili hatangazi idadi ya mifugo wake, sembuse kwa simu. Sawa. Mmoja pia ni hesabu.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Mji mzima unacheka. Mimi tu nimenuna, na naona haya kusema kwa nini. Imenyesha sana upande wa Loima, basi mjomba na wenzake wamehamisha mifugo kufuata nyasi za Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Simu kumi na moja zimekwenda nao, kusikoshika mtandao. Amebaki Ekaale, aliyevunjika mguu. Nimempelekea sukari na kumwomba aifungue programu mara kumi na mbili kwa siku.

Jumatano, 29 Aprili

Nimekataliwa. Soko linasema anayeonekana kuitumia ni mtu mmoja, nianze upya. Na kesho ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Mke wangu Akai hakunilaumu. Alianza tu kupima unga kwa kikombe kidogo, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nikaenda kwa Mama Deeqa, nikamwomba anirudishie barua. Akavuta droo. Barua za kuacha kazi zilikuwa nne, zote mwandiko wangu: ya biashara ya sabuni ya mshubiri, ya samaki wakavu, ya kuchaji simu kwa jua, na hii. Akasema yeye huziweka tu mpaka nitulie. Kesho kuna lori la mabati, nije mapema. Sijawahi kuyapenda mabati hivyo. Nilitoka nje nikapumua mpaka mbavu zikauma. Nyumbani Akai amerudia kikombe kikubwa.

Jumamosi, 2 Mei

Programu ya Sheikhdon imekubaliwa. Nimempongeza kwa ujumbe mfupi sana. Kosa langu nimeliona: wachungaji huhama. Wanatakiwa watu wa ratiba. Nimepata kumi na wawili, madereva na makondakta wa mabasi ya Kitale–Lokichoggio, na wote wameapa hawatoki barabarani. Safari hii hakuna kitakachoharibika. Nimeandika barua mpya, kuanzia tarehe 16. Nilipoingia ofisini Mama Deeqa hakuniuliza shida yangu. Alivuta droo akaiacha wazi.