Mshenga Amesoma Kitabu Changu

Jumapili, 4 Februari 1996
Mimi nimezaliwa na bahati, basi! Vijana wote wa Kitanzania hapa ughaibuni wanamfukuzia Haika, na Haika huyohuyo ameniomba mwenyewe nimwoe. Sikufungua hata mdomo! Imebaki ruhusa ya mjomba wake, Mzee Faustino, aliyekuwa mwalimu Moshi. Leo kanipa kitabu cha enzi za Malkia Viktoria: kijana Mwingereza anakwenda ugenini kutafuta riziki kwa jasho halali. Kurasa mia nne! Jumamosi nije na mshenga, mzee asikie nilichojifunza. Nikifeli, Haika simpati. Mtihani! Mimi niliyekimbia shule kwa sababu ya mitihani!

Jumanne, 6 Februari
Ukurasa wa tatu. Kijana bado anaagana na mama yake. Si apande meli! Nimekitupa chini ya kitanda.
Halafu akili ikanijia. Kwa mila, mposaji hukaa kimya, mshenga ndiye husema. Basi asome mshenga! Nimemkabidhi kitabu mshenga wangu, Jotham, ninayeishi naye chumba kimoja. Nimempa na koti langu zito. Nje mate yanaganda, lakini mimi mtu wa roho nzuri.

Alhamisi, 8 Februari
Jotham kanikera! Anasoma akila, anasoma chooni. Jana katoa machozi kijana wa kitabuni alipopata mshahara wa kwanza. Leo kaniuliza kwa nini Mzee Faustino anadhani mimi daktari. Sikudanganya! Nilisema nafanya kazi hospitali, mjini Saint Paul. Udaktari kaongeza mzee mwenyewe, mimi sikumpunguzia tu. Jotham eti kijana wa kitabuni asingenyamaza. Huyo kijana alifua mashuka ya wagonjwa lini?

Jumamosi, 10 Februari
Msaliti! Tuko kwa mzee, kitongoji cha Eagan. Chai, maandazi, Haika na kitenge kipya. Mzee akauliza kitabu kimenifunza nini. Jotham kasimama, kakikumbatia kitabu, kasema kimenifunza kwamba kazi halali haifichwi, ndiyo maana nimemtuma aseme wazi: mimi si daktari, nafua mashuka. Nimemtuma! Nikamkanyaga mguu, akaendelea.
Mzee akafurahi! Akasema kufua ni kazi ya heshima. Kisha akataka kusikia kwangu mimi: kijana yule alifanya kazi gani huko ugenini?
Nikasema udaktari.
Kumbe alichunga kondoo. Haika akaniuliza mbele ya watu kama na siku ya harusi nitamtuma Jotham. Mzee kanirudishia kitabu: nisome mwenyewe, nirudi Jumamosi ijayo peke yangu. La sivyo nimsahau mpwa wake.

Jumapili, 11 Februari
Jotham sisemi naye. Kalirudisha koti, nikamtupia tena kitandani kwake. Nina hasira, si mnyama.
Ukurasa wa tatu uleule. Mama bado analia! Nimempigia simu Imaculata, Mtanzania mwenzetu wa kitongoji cha Saint Louis Park, msomaji hodari. Atanirekodia hadithi yote kwenye kaseti, niisikilize nikifua. Mzee hatajua!
Haika kapiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikasema katikati. Akakata simu.
Halafu ile habari ya Jumapili iliyopita ni uongo. Haika hakuniomba. Nilimwomba mimi, mara nne, na mara tatu alikataa.