Anga Halina Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Droni imefika. Raewyn ameitazama pale mezani, akauliza kama ni feni. Mke wangu ni mtu mwema lakini haoni mbali. Nimemweleza kwa upole kwamba hii ndiyo itakayotoa picha ya jalada la kalenda ya mji mwakani. Akasema jalada ni la Graeme Tutty. Hasa! Ndiyo maana nimeinunua.

Kalenda ya Rimuhau huuzwa kuwasaidia wazimamoto wetu wa kujitolea, na jalada lake limekuwa la Graeme tangu alipostaafu udaktari wa mifugo. Kila mwaka kondoo. Kondoo ukunguni. Kondoo alfajiri. Mwaka jana kondoo akimlamba mwanawe, na watu wazima wakatokwa na machozi dukani kwa muuza nyama, mahali ambapo nilitarajia waone haya kidogo. Mimi nami nimepeleka picha miaka yote hiyo. Mara moja nilipata ukurasa wa Februari. Nusu ya Februari.

Nimempigia simu Shangazi Huia Pohatu, mwenyekiti wa kamati ya kalenda. Ni shangazi wa mji mzima, hata wa sisi tuliomzidi umri. Nimemwambia nitaleta mji wote kutoka juu, na mto ukipinda katikati. Akasema sawa, mwisho wa kupokea picha ni Jumatano ya wiki ijayo, ila picha iliyovunja sheria hataipokea. Nirushe panaporuhusiwa, na kila aliye chini awe ameniruhusu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Anga halina mwenyewe.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Anga lina wenyewe wengi sana.

Nimeshinda na ramani na kalamu nyekundu. Sheria ya New Zealand inakataza kurusha karibu na mahali ndege zinapotua, kilomita nne kila upande. Hospitali yetu ina kiwanja cha helikopta. Duara. Ng'ambo ya mji kuna kipande cha nyasi ambapo ndege za kumwaga mbolea mashambani hutua mara mojamoja. Duara jingine. Ufukwe wote ni hifadhi ya ndege, wale wa manyoya, ambao naona wana haki kuliko mlipa kodi. Uwanja wa raga umo ndani ya duara la hospitali. Bustani yangu imo. Kitanda changu kimo.

Kisha nikagundua jambo: ndani ya nyumba sheria haikatazi. Raewyn anakataza. Amenijulisha hivyo akiwa ameshika pazia la sebuleni, au tuseme sehemu iliyobaki.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Mto! Karibu na mlango wake, nje ya maduara yote. Kingo ni za umma na halmashauri hairuhusu wala haikatazi, kwa maana niliongea na kijana wao kwenye simu akasema hajui, nami nikamshukuru haraka kabla hajauliza mtu.

Tatizo ni watu walio chini. Huu ni msimu wa dagaa wa mtoni, na kila hatua chache amesimama mtu na wavu wake. Nimewasalimu, nikawaomba ruhusa ya kuruka juu yao na kamera. Mmoja akavuta kofia hadi puani. Mwingine akaniuliza nimetumwa na nani. Shangazi Huia mwenyewe alikuwepo, amevaa viatu vya mpira hadi mapajani, akaja akanishika mkono.

"Neville, mtu atakuonyesha picha za harusi yake," akasema. "Atakuonyesha hata picha za operesheni yake. Mahali anapovulia dagaa hakuonyeshi, na kaburini anakwenda napo."

Nikaona hapa panataka akili. Nimerudi nyumbani, nikachukua kile kizibao cha manjano kinachong'aa, cha siku zile nilipokuwa nasimamia maegesho kwenye maonyesho ya kilimo. Mtu akivaa kizibao kile haulizwi kitu. Anaonekana ana kazi. Nikarudi mtoni nikitembea polepole, droni kwapani, kalamu sikioni.

Walinidhania mkaguzi wa uvuvi. Sijapata kuona wazee wakikimbia vile. Ndoo zilimwagika, nyavu zikaachwa, na bwana mmoja aliyebadilishwa nyonga mwezi wa Juni aliruka uzio. Kwa dakika moja ukingo ulikuwa mtupu kabisa, na ningeweza kurusha kihalali, lakini betri nilikuwa nimeisahau mezani.

Shangazi Huia amepiga simu jioni. Mtoni nisionekane na kitu hicho mpaka msimu uishe. Msimu unaisha mwisho wa mwezi. Picha ni Jumatano!

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba

Nimeirudia ramani. Kati ya duara la hospitali na duara la mbolea, kimebaki kipande kimoja cheupe, umbo la kipande cha pai. Kiko kilimani. Mji unaonekana wote, na mto unapinda pale ninapotaka upinde. Nimecheza peke yangu jikoni.

Kisha nikatafuta ni ardhi ya nani. Ni malisho ya Graeme Tutty.

Nimekaa chini. Nimefikiria kusimama barabarani na kurushia ng'ambo ya uzio wake, lakini sheria haitazami miguu yangu iko wapi, inatazama chini ya droni kuna mali ya nani. Nimefikiria kwenda siku atakayokuwa hayupo. Graeme yupo siku zote. Ana kondoo.

Raewyn, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, akasema niende nikamwombe. Nimemwambia heri nilale njaa. Akasema hilo nalo linawezekana.

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Nimekwenda. Si kuomba! Nimekwenda kumfanyia hisani. Nilimwambia Graeme kwamba mabati ya banda lake la kukatia manyoya yananitia wasiwasi, na kwamba mimi kama jirani niko tayari kumkagulia kutoka juu, bure. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia hiyo mbaya.

"Nev, si useme tu unataka picha ya jalada," akasema. "Njoo kesho asubuhi. Nitawafungia mbwa."

Hivyo tu. Akanipa chai na skonzi ya jibini, ya moto. Akaniambia nisisimame karibu na misonobari, kwa sababu kunguru wana makinda na mwezi huu hawana urafiki na mtu. Nimesema asante. Nimekula skonzi ya pili. Nimetoka pale nikiwa na huzuni ambayo siwezi kuieleza, maana nilikuwa nimejiandaa kukataliwa na sikujiandaa kwa kitu kingine.

Nimewaza njia nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyeshika jalada miaka yote hawezi kulitoa kwa skonzi mbili. Kuna hila. Na nikaiona nilipofika kwenye lango letu: misonobari! Kwa nini anitoe kwenye misonobari? Kwa sababu pale ndipo penye mandhari nzuri kuliko pote!

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Nilisimama chini ya misonobari.

Niandike kwanza yaliyokuwa mazuri. Iliruka. Ilipanda taratibu, ikasimama hewani, na kwenye kioo nikauona mji wangu. Nimeishi hapa maisha yangu yote sijapata kuuona. Mto unang'aa. Mapaa yote yamekaa pamoja. Kule mbali kabisa, ndani ya duara la hospitali, niliona kamba yetu ya nguo na doa la bluu likisogea, na lile doa lilikuwa Raewyn. Nilifurahi. Sijui niseme vipi zaidi. Nilifurahi kweli.

Kisha akaja kunguru.

Droni imeangukia kwenye hori la kunyweshea kondoo. Graeme, aliyekuwa upande wa pili na kamera yake shingoni kama kawaida, alikuja na ndoo akaiopoa. Kadi ya picha nayo imekufa maji. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya. Alisema pole tu, akaniuliza kama kichwa changu kina damu. Kilikuwa nayo kidogo.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Siku ya mwisho ya kupokea picha. Sina picha. Nimeangalia Februari ile ya zamani, ile nusu.

Mchana akaja Graeme, kofia mkononi. Ana picha, akasema, lakini Shangazi Huia hataipokea bila ruhusa ya mtu aliye ndani yake, na amempa hadi Jumamosi kuipata. Akaiweka mezani.

Ni mimi. Nimesimama malishoni, shingo nyuma, uso juu, nacheka mdomo wazi, na juu ya kofia yangu kunguru amekunjua kucha, bado sijamwona.

Ruhusa! Kutoka kwangu! Nimemwambia Graeme kwamba hilo ni jambo zito na nitalitafakari. Nikamsindikiza hadi langoni kwa heshima zote. Jalada lake liko mfukoni mwangu. Kamwe halitatoka. Nimelala mchana, usingizi mtamu.

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Shangazi Huia ameleta dagaa. Hakusema neno juu ya picha. Alikaa akanywa chai yote bila kusema neno juu ya picha, na kazi hiyo aliifanya vizuri sana.

Alipoondoka, Raewyn alikaanga dagaa kwa mayai. Kisha akaichukua ile picha, akaipeleka dirishani. Nilimwambia asihangaike, haitoki ndani ya nyumba hii. Ninaonekana mpumbavu.

"Unaonekana mpumbavu, ndiyo," akasema. "Lakini huyu ndiye niliyeolewa naye, Nev. Nilidhani amehama."

Akairudisha mezani, akaniongezea dagaa. Nimekula wote, kisha nikaitazama tena ile picha.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Nimetoa ruhusa. Kwa masharti! Jina langu liwe kwenye jalada, na litangulie la Graeme. Alikubali papo hapo, akasema hata yeye alitaka hivyo. Bado naitafuta hila iliyo ndani yake.

Lakini tulitazame jambo lilivyo. Jalada la mwakani ni la nani? Kuna uso wa nani? Graeme alibonyeza kitufe tu. Nimeshinda, na Raewyn tayari ameshapigilia msumari ukutani.

Sasa mwaka unaofuata. Nimeagiza kijichombo kidogo kinachozama chenye kamera. Rimuhau kutoka chini ya mto! Chini ya maji hakuna helikopta, hakuna mbolea, hakuna kunguru. Maji hayana mwenyewe. Mahali pazuri pa kukitumbukiza ni pale kwenye kina, chini ya mkuyu ulioinama, ambapo Shangazi Huia hutega wavu wake. Sioni haja ya kumsumbua kwa kumwomba. Kitakuwa chini, nani atakiona?

Raewyn ameniuliza kwa nini nakifua kile kizibao cha manjano. Nimemwambia ni usafi tu.